Mpira Unamtoroka: Kasoro za Watoto Katika Kukokota Mpira, na Michezo ya Kupasha Mwili Inayozirekebisha

Mtoto wa miaka sita akipoteza mpira, macho ya kocha huenda moja kwa moja kwenye mguu wake. Mguu ukaguliwe mwisho. Kwa umri huo kasoro nyingi zimo kwenye mpira wenyewe, kwenye ardhi, au kwenye kanuni za mchezo ambao sisi wakubwa tumempa. Mpira wa wakubwa juu ya kichanga kikavu cha ufukwe wa Shangani, Mtwara, humfanya mtoto yeyote aonekane hana kipaji. Mpatie wa saizi yake, mpunguzie uwanja, na baada ya dakika kumi utamwona mtoto mwingine.

Maelezo haya ni kwa walimu wa michezo, kaka na dada wa mtaani na wazazi wanaowakusanya watoto wa miaka 5 hadi 10 jioni, iwe Chikongola, Mikindani, mjini Lindi au kwenye viwanja vya shule kule Nachingwea. Kila kasoro imeelezwa jinsi inavyoonekana uwanjani, kisha sababu zake, kisha mchezo wa kuirekebisha. Michezo yote inaingia kwenye dakika 15 za mwanzo, zile za kupasha mwili. Mtoto mdogo hana haja ya kuzungushwa uwanja mara tatu bila mpira. Joto atalipata akikimbia na mpira mguuni, na kila dakika ya kukimbia mtupu ni dakika ya kugusa mpira iliyopotea.

Kagua mpira na ardhi kwanza

Chini ya miaka 8 mpira unaofaa ni saizi 3, ambao mzingo wake ni kama sentimita 58 hadi 60. Huna haja ya kusoma maandishi yaliyofutika: zungusha kamba katikati ya mpira, kisha ipime kwa rula ya shule. Ikimaliza rula mbili za sentimita 30 au pungufu kidogo, ndio huo. Miaka 8 hadi 12 ni saizi 4, sentimita 63.5 hadi 66. Saizi 5, yenye sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, ni ya vijana na wakubwa. Shule nyingi zina saizi 5 peke yake, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia: mpira unamfika mtoto karibu na goti, kwa hiyo anausukuma kwa ncha ya mguu ili usogee.

Kama huo ndio mpira pekee ulio nao, waachie wale wa miaka 9 na 10. Wadogo watengenezee chandimu. Soksi kuukuu ijazwe matambara hadi ikaze, ivalishwe mfuko wa plastiki, izungushiwe kamba kwa kukatiza pande zote mpaka ishikane na kuwa na umbo la duara. Chandimu haidundi wala haikimbii mbali, na kwenye ardhi ngumu ya viwanja vya shule inamfundisha mtoto kugusa karibu kuliko mpira mpya wa dukani uliojazwa upepo hadi ukalia. Tusiione ni kitu cha shida. Kwa mtoto wa miaka mitano ni kifaa kizuri cha kazi.

Mpira wa upepo ubonyeze kwa madole gumba mawili. Uzame kidogo, kama nusu sentimita. Usipozama kabisa utaruka kila ukiguswa. Sindano ya pampu ilowanishe kwa mate au tone la mafuta kabla ya kuiingiza, na iingie wima. Sindano kavu inayolazimishwa huchana vali, na mpira hauwezi tena kulala na upepo. Ukiukuta asubuhi umelegea, uzamishe kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakitoka tunduni, vali ndiyo imeharibika. Yakitoka kwenye mshono, kibofu cha ndani kimetoboka.

Ardhi nayo ina tabia yake. Kichanga kikavu humeza mpira, hivyo mtoto analazimika kupiga kwa nguvu ili usogee, na nguvu hiyo anaibeba hadi kwenye ardhi ngumu ambako haihitajiki tena. Kama mko karibu na bahari, subirini maji yapwe. Mchanga uliokuwa chini ya maji hushikana ukawa kama sakafu, mpira unabingirika sawasawa na mtoto akianguka haumii. Muulize mvuvi yeyote saa ya maji: kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, kwa hiyo siku ambayo maji yanapwa saa tisa alasiri mna jioni nzima. Chini ya mikorosho kuna kivuli kizuri, ila kagueni mizizi, na msimu wa korosho zoeni mabibo yaliyodondoka, maana yanateleza kama ganda la ndizi.

Kuweka alama, vifuu vya nazi vinafaa kuliko mawe. Vifunike kinywa chini, na uchague visivyo na kingo zilizopasuka, kwa sababu watoto wengi watakuwa pekupeku. Kwa watoto 12, eneo la hatua 15 kwa 15 za mtu mzima linatosha. Anzeni saa kumi na nusu jioni, mchanga ukiwa umepoa. Huku kusini mashariki jua huzama mapema, na miezi ya Juni na Julai giza linawahi zaidi.

Mpira unamtangulia hatua tatu, nne

Hii ndiyo kasoro inayoonekana zaidi. Mtoto anaugusa, unakimbia, anaufukuza, anaugusa tena. Yeye anadhani anakokota, kumbe anapiga na kukimbia.

Mkiwa kwenye mchanga uliopwa, usimtazame mtoto. Tazama alama alizoacha. Mpira huchora mstari, na pale ulipoguswa mstari hupinda kidogo au kuanza upya. Pima kwa hatua zako umbali wa kutoka pindo moja hadi jingine. Ukikuta nyayo nne au tano za mtoto kati ya mapindo mawili, mpira unamtoroka. Ukikuta nyayo mbili, anaumiliki. Mwonyeshe na yeye. Watoto wanapenda kusoma njia yao wenyewe mchangani, na mara nyingi raundi inayofuata hurekebika bila neno lolote la kocha.

Sababu ya kwanza ni mpira mgumu kwenye ardhi ngumu, na hiyo tumeshaieleza. Ya pili ni eneo kubwa kupita kiasi: akiwa na uwanja mzima mbele yake, hana sababu ya kugusa kidogo kidogo. Ya tatu ni mashindano ya mbio. Ukisema "nani atafika wa kwanza?", umemwambia aupige mbele na akimbie, naye amekutii.

Ukishaondoa hizo tatu, ndipo upige magoti pembeni na utazame mguu wenyewe. Utakachokiona kwa kawaida ni hiki: fundo la mguu limelegea, kidole gumba kinaingia chini ya tumbo la mpira kama dochi, lile teke la ncha ya kidole, mpira unaruka kidogo kabla ya kubingirika, na mwili unabaki nyuma. Mguso mzuri una sura tofauti. Fundo limekazwa, vidole vinaelekea chini na kugeukia ndani kidogo, na sehemu inayougusa mpira ni juu ya mguu kuelekea nje, usawa wa kidole kidogo. Mtoto hasimami ili apige. Mguso unatokea ndani ya hatua ileile ya kukimbia, kila hatua moja au mbili.

Mchezo wake ni *Bodaboda*. Kila mtoto ana mpira, na huo ndio pikipiki yake. Gia ya kwanza ni kugusa kila hatua, polepole. Gia ya pili ni kugusa kila hatua mbili. Gia ya tatu ni kukimbia na mpira ukitangulia kidogo. Ukiita "breki", unyayo unatua juu ya mpira. Anayekuta mpira uko mbali kuliko anavyoweza kuufikia kwa mguu mmoja, anapita gereji: miguso kumi ya kubadilisha miguu juu ya mpira, kisha anarudi barabarani. Gereji isizidi sekunde kumi. Ikirefuka inakuwa adhabu, na mtoto dhaifu atamaliza mchezo wote akiwa huko.

Mchezo huu hukosewa kwenye gia ya tatu. Watoto wanaipenda, kocha anafurahia kelele, na muda wote wa mchezo unaishia huko. Kaa gia ya kwanza muda mwingi, ukiita breki kila baada ya sekunde tano hivi. Breki za mara kwa mara ndizo zinazomfunza mpira ukae karibu, maana anajua wakati wowote atatakiwa kuusimamisha. Na wakati wa breki angalia uzito: anayekanyaga mpira kwa mwili wote huteleza na kuanguka chali. Sehemu ya mbele ya unyayo inagusa tu, uzito wote uko kwenye mguu wa chini.

Haoni kitu kingine ila mpira

Anagongana na wenzake, anatoka nje ya eneo bila kujua. Kwa mtoto wa miaka 5 au 6 hili si kosa, mguu wake bado unahitaji jicho ili uelekezwe. Usimkemee "inua kichwa!" Atakiinua, atapoteza mpira, na atajifunza kwamba kuinua kichwa ni hatari.

Ila kuanzia miaka 7, chanzo kikubwa ni sauti ya kocha. Kila amri ikiitwa kwa mdomo, mtoto anasikia huku macho yakiwa chini, na anafanya vizuri kabisa. Hana haja ya kutazama. Nyamaza. Rudia Bodaboda ileile, safari hii wewe ni trafiki usiyesema kitu. Mkono juu ni breki. Mkono kulia au kushoto ni kona ya upande huo. Trafiki anatembea, hakai mahali pamoja, ili mtoto amtafute. Wale wa miaka 5 na 6 wape ishara moja au mbili, wa miaka 9 wanaweza nne. Ukiona nusu ya kundi wanaendelea kukokota huku umesimama mkono juu, usipige filimbi. Subiri. Wa kwanza kukuona atasimama, wa pili atashangaa kwa nini mwenzake kasimama, na baada ya raundi tatu wote watakuwa wanachungulia kila baada ya miguso michache. Kuchungulia huko ndiko tunakokutaka. Hakuna mchezaji anayekokota huku akitazama mbele muda wote.

Wakizoea, onyesha vidole badala ya mkono, nao waite ni vingapi bila kusimama.

Mchezo wa vidole una faida nyingine ambayo haihusiani na soka. Mtoto anayekosea kila mara, au anayesubiri jirani aseme kwanza, mwite pembeni baadaye, mpira usiwepo, asimame umbali wa hatua kumi na umwonyeshe vidole tena. Akikosea hata akiwa ametulia, huenda tatizo ni macho. Mwambie mzazi kwa faragha ampeleke hospitali akapimwe, na usilitaje mbele ya wenzake.

Mguu mmoja ndio unaofanya kazi, mwingine unasindikiza

Kocha husema "tumia kushoto!" na mtoto anafanya mara mbili kisha anarudi kulia. Tatizo mara nyingi liko kwenye mguu wa kusimamia kuliko ule unaogusa. Mtoto wa kulia amezoea kusimama kwa kushoto. Kusimama kwa kulia peke yake kunamyumbisha, kwa hiyo anawahi kuuteremsha mguu wa kushoto kabla haujaugusa mpira vizuri. Mjaribu bila mpira: arukeruke kwa mguu wa kulia mara tano. Akiyumba, anza hapo. Mchezo wa kuchora vyumba chini na kuruka kwa mguu mmoja, ambao watoto wanaujua tayari, ucheze dakika mbili kwa kila mguu. Ndipo mpira urudi.

Kisha acha uwanja ufundishe. Panga vigoli vya vifuu viwili viwili, hatua mbili kati ya kifuu na kifuu, na watoto wavipitie kwa kuzunguka upande mmoja tu. Wakiwa wanazunguka kuelekea kulia, mguu wa kushoto uko upande wa nje wa mduara na upande wake wa ndani ndio unaoukunja mpira kuelekea katikati. Baada ya dakika moja geuza mwelekeo. Kigoli kilichopitwa kwa kushoto kinahesabiwa viwili. Na huo mguu usiuite mbovu wala mbaya. Uite mguu mdogo, kama mdogo wake anayekua.

Wote wanarundikana kwenye mpira mmoja kama nyuki

Mipira ni michache, basi. Watoto 12 na mpira mmoja ni nyuki, na hakuna mafunzo ya nafasi yatakayowatawanya kabla ya miaka 7 au 8. Ongeza mipira. Hata minne na chandimu nne zinatosha kwa *Ghala la Korosho*: makundi manne ya watoto watatu, kila moja na ghala lake kwenye pembe ya eneo, mipira yote minane katikati. Mmoja mmoja kutoka kila kundi anakimbia, anachukua gunia moja, yaani mpira mmoja, analikokota hadi ghalani, anasimamisha kwa unyayo, ndipo mwenzake anatoka. Katikati pakiisha, wanaweza kwenda kuchota kwenye ghala la wengine. Sekunde 60, hesabu, mnaanza upya. Mpira uliopigwa kutoka mbali ukaingia ghalani hauhesabiwi, unarudi katikati. Bila kanuni hiyo mchezo utageuka wa kubutua ndani ya nusu dakika.

Papa akija, mtoto anabutua

*Kuvuka Msangamkuu* ni mchezo wa kawaida wenye jina la kwetu, la kivuko cha Mtwara kwenda ng'ambo ya Msangamkuu; Lindi wauite Kitunda, maana nako kuna kivuko. Watoto wote wana mipira upande mmoja wa eneo. Katikati ya maji kuna papa mmoja asiye na mpira. Wanavuka kwenda ng'ambo wakikokota, papa anajaribu kuigusa mipira yao.

Wengi wataupiga mpira moja kwa moja ng'ambo na kuufuata. Wanaogopa, na wana haki. Pengine papa ni mtoto mkubwa kuliko wote, au njia ni nyembamba. Mara nyingine mzazi pembeni anapaza sauti "butua, mwanangu, butua!" Mzazi huyo anataka mtoto asiaibike. Mfuate kwa heshima na umweleze: "Mama, hapa tunataka aukumbatie mpira mguuni. Akipoteza, mpigie makofi, atajaribu tena." Wazazi wengi huelewa papo hapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Papa mwenyewe mpunguzie makali. Aanze kwa kuruka mguu mmoja, au atembee tu. Baada ya raundi tatu aruhusiwe kukimbia. Chora visiwa vitatu mchangani, kila kimoja upana wa hatua mbili. Aliye kisiwani hagusiki, lakini anahesabu hadi tatu na lazima aondoke. Kisiwa kinampa mtoto mwoga kitu cha kulenga. Badala ya kuvuka bahari nzima kwa hofu moja, anavuka vipande viwili vifupi. Mpira uliotangulia kufika bila mwenyewe umezama, unarudi mwanzo.

Sasa, aliyenaswa anafanywa nini? Hapa ndipo michezo mingi ya kupasha mwili huharibika. Akitolewa nje, anayetoka wa kwanza ni yuleyule dhaifu kila siku, naye ndiye anayehitaji kugusa mpira kuliko wote. Dakika tatu anakaa chini akichora mchangani. Usiwe na mchezo wa kutoa mtu. Aliyenaswa awe pweza: anasimama palepale, miguu imetanuka, mpira wake kaushika kichwani kwa mikono miwili. Mwenzake anaweza kumkomboa, kama kwenye kombolela, kwa kupitisha mpira katikati ya miguu yake. Kwa kanuni hii moja umepata vitu vitatu. Hakuna anayekaa nje, walio huru wanatafuta nafasi ya kugeuka badala ya kukimbia mbele tu, na tobo, ambalo watoto wanalipenda kuliko bao, limekuwa tendo la kumsaidia rafiki.

Anajua kwenda mbele tu

Akifika mwisho wa eneo, anazunguka mduara mkubwa kama lori. Hajui njia fupi ya kugeuka, na haijui kwa sababu vifuu vimepangwa mstari mmoja mrefu. Punguza eneo hadi hatua 8 kwa 8 kwa watoto sita, na sema "kona" mara nyingi.

Mwanzoni fundisha geuko moja tu, la unyayo. Unyayo unatua juu ya mpira, unauvuta nyuma kidogo, mwili unageuka upande wa mguu uliovuta, na mguso wa kwanza baada ya kugeuka unafanywa haraka. Kosa la kawaida ni kuuvuta kisha kusimama kuutazama. Wa miaka 9 na 10 wanaweza kuongezewa lile geuko la Johan Cruyff, Mholanzi aliyelionyesha dhidi ya Sweden kwenye Kombe la Dunia la 1974: unanyanyua mguu kama unapiga, kisha kwa upande wa ndani unaupitisha mpira nyuma ya mguu wako wa kusimamia. Kinachowashinda ni mguu wa kusimamia kuwekwa nyuma ya mpira. Uwekwe mbele na pembeni ya mpira, la sivyo mpira utagonga kisigino chako.

Kwenye vifuu ni hodari, kwenye mechi anapotea

Kasoro hii huwaumiza sana walimu wanaojituma. Mtoto anapita vifuu kumi bila kugusa hata kimoja, siku ya mechi anapoteza mpira kila anapoupata. Vifuu haviibi mpira. Vinakaa palepale, umbali uleule, na mtoto amejifunza mahali vilipo. Kumpiga chenga mtu ni kusoma mwendo wake, na hilo halifundishwi na kitu kilichokaa tuli. Vifuu tuvipe dakika mbili za mwanzo, basi.

Hatua ya kwanza mbele ni walinzi wachache kwenye vigoli vingi. Vigoli vinane, watoto kumi wenye mipira, walinzi wawili wasio na mipira wanaotembea kutoka kigoli hadi kigoli. Hawanyang'anyi, wanasimama tu katikati na kigoli kinafungwa. Mtoto lazima aone kipi kiko wazi na abadili njia. Sekunde 45 kwa raundi, kila mmoja ahesabu vyake na raundi ya pili ajaribu kuvunja rekodi yake mwenyewe, sio ya jirani.

Kisha *Mkia*. Kata vipande vya kanga iliyochakaa, urefu wa mkono mmoja wa mtoto, kila mmoja achomeke chake nyuma ya bukta, nusu ikining'inia. Kila mtoto anakokota mpira wake huku akiwinda mikia ya wenzake na kuulinda wake. Mkia hauvutwi kama mpira wako hauko karibu nawe. Mchezo huu unawalazimisha kuweka mwili kati ya mpira na adui bila kuelezwa, maana anayegeuza mgongo kizembe anapoteza mkia. Ukiona wanaacha mipira na kukimbizana, kanuni haijashika. Simamisha, irudie, endelea.

Mwisho ni mmoja kwa mmoja, kwenye eneo la hatua 8 kwa 6. Mlinzi ana vigoli viwili nyuma yake, kimoja kila pembe, na mshambuliaji anachagua. Sekunde 20 hadi 30, kisha wapumzike mara mbili ya muda huo, kwa hiyo jozi tatu zipokezane. Watoto waliowahi kuangalia mechi Uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara au Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa watataka kuzungusha miguu juu ya mpira mara nne. Waache, lakini tazama umbali. Chenga ikianza hatua nne kabla ya mlinzi, haimdanganyi, anasubiri tu. Ikianza nusu hatua mbele yake, mguu wake umeshaufikia mpira. Chora mstari mchangani, hatua moja na nusu mbele ya mlinzi, na mwanzoni mlinzi asitoke mahali pake. Mtoto anakwenda taratibu hadi mstarini, pale anafanya hila yake, anatoka upande mmoja kwa kasi. Kubadili kasi kunafanya kazi kuliko hila yenyewe. Mtoto anayepunguza mwendo kisha akachomoka kwa mguso mmoja wa nje ya mguu atapita walinzi wengi bila kuzungusha chochote.

Anachechemea, au analalamika miguu

Nyayo zikiwa nyekundu, mchanga ni wa moto, hamia kivulini. Kabla ya kila kipindi tembeeni eneo zima mkitafuta miiba na vipande vya chupa, watoto wenyewe washiriki. Daluga za kaka zilizojazwa matambara mbele ni mbaya kuliko pekupeku, kwa sababu mtoto haufikii mpira kwa mguu wake bali kwa kiatu kitupu.

Maumivu ya nyuma ya kisigino kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea, yanayozidi wakikimbia na kupungua wakipumzika, yasichukuliwe kuwa uvivu. Mfupa wa kisigino bado unakua na mshipa mkubwa wa nyuma unauvuta. Apumzike michezo ya kukimbia, na yasipoisha aonwe na daktari. Matege peke yake yasimzuie mtoto kucheza: Garrincha wa Brazil alikuwa na miguu iliyopinda tangu utotoni, na alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 na 1962 kwa chenga.

Hataki kutoa pasi

Wenzake wanamwita mchoyo, na wazazi wanataka akemewe. Kwa mtoto wa chini ya miaka 8, iache kasoro hii kama ilivyo. Ndiyo kwanza amejua mpira unaweza kuwa wake, na ukimlazimisha kuutoa mapema atakuwa anautoa kwa woga kila anapokutana na mtu. Kuanzia miaka 9 mpe mchezo ambao pasi ina faida: wawili dhidi ya mlinzi mmoja, kigoli kimoja, bao la kukokota linahesabiwa moja na bao lililotokana na pasi mbili. Usiseme kitu. Kaa kando uone ni baada ya raundi ngapi atainua macho kumtafuta mwenzake.